Jina Lililokwenda Vitani

Nianze na ubaya wake, maana wema wake nitaufikia kwa shida. Mwalimu alikuwa mtu mgumu. Alitufundisha darasa la nne kule Mbooni na alituchapa sote, wajinga na werevu, waliochelewa na waliowahi wakapiga kelele. Mimi alinichapa kwa kuandika tarehe vibaya. Miaka mingi baadaye, nilipofungua saiba yangu, duka la kompyuta na kopi, hapa Kikima, aliingia siku ya kwanza, akasoma kibao cha mlangoni, akatoa kalamu nyekundu mfukoni na kukisahihisha. Hakununua chochote. Nilimchukia siku hiyo vile vile nilivyomchukia nikiwa na miaka kumi.

Kalamu hiyo ilitembea naye kila mahali. Alisahihisha matangazo ya kanisa, kadi za harusi, mabango ya wanasiasa. Kuna siku tulimzika jirani, na Mwalimu akakaa mstari wa mbele na wafiwa, akasoma ratiba ya ibada, akapiga mstari chini ya mwaka wa kuzaliwa, kisha akamrudishia mjane ile karatasi. Mjane akalia zaidi. Watu walisema mzee huyu hana moyo. Nami nilisema, tena kwa sauti, kwa sababu kumsema Mwalimu hapa kwetu kulikuwa kama kusema mvua imechelewa.

Lakini kuna neno moja hakulitamka, na hakuruhusu litamkwe mbele yake. Katika shule zetu mtoto anayekosa kuja bila ruhusa huitwa mtoro. Walimu wengine walikuandika hivyo kwenye rejista, na ukirudi darasa zima linakuzomea. Kwa Mwalimu, ulikosa siku tatu, ukarudi, ukachapwa ipasavyo, yakaisha. Ole wake atakayekuzomea. Mwenzetu mmoja alijisahau akamwita mwingine mtoro, na Mwalimu akamchapa hadi fimbo ikakatika, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya vyoo kipindi kizima. Hatukuelewa. Nilipouliza nyumbani, nyanya yangu alinijibu bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe aliyokuwa akichambua. Alisema ni kwa sababu Mwalimu mwenyewe ni mwana wa mtoro.

Habari yenyewe kilima kizima kiliijua hivi. Baba yake aliondoka wakati wa vita vya Hitler, Mwalimu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikuwa amesoma kwa wamishonari, akajua kusoma na kuandika, kwa hiyo jeshi likamtia kwa askari wa simu, wale waliobeba waya mgongoni na kuutandaza porini, na kutuma maneno kwa milio, mifupi na mirefu. Alirudi likizo mara moja. Alimwonyesha mkewe ile milio kwa kugonga kibuyu kwa kidole, akaondoka tena, akapandishwa meli. Vita vilipoisha wengine walirudi na makoti yao. Yeye hakurudi, na hakukuja barua ya kusema ameuawa.

Mama yake Mwalimu akashuka kilima kwa miguu hadi Machakos, kwa ofisi ya serikali. Alisindikizwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, maana siku hizo mwanamke hangeingia ofisi kama hizo peke yake akasikizwa. Karani alifungua vitabu vyake, akatafuta, akafunga. Akawaambia mtu wa jina hilo hajawahi kuandikwa jeshini. Si kwamba amekufa. Hajawahi kuwa askari hata siku moja.

Basi, watu wakamalizia wenyewe. Wengine walisema alitoroka jeshi na serikali ikafuta jina lake kwa aibu. Wengine walisema jeshi lilikuwa kisingizio tu, ati alikuwa na mwanamke Mombasa. Binadamu hawakosi la kusema. Utoro haukumpata mwenyewe, ukawashika mke na mtoto. Kanisani kulikuwa na kikundi cha wajane, mwethya wao, waliopaliliana mashamba kwa zamu. Mama yake Mwalimu aliomba kuingia mara mbili. Walimkataa mara mbili, kwa sababu mumewe hakuwa amekufa, alikuwa ametoroka. Alilima peke yake hadi mgongo ukakataa. Mwalimu aliniambia jambo hilo mara moja tu, akiwa ametazama ukuta, na mimi nikaona haya kwa niaba ya nyanya yangu, aliyekuwa mmoja wa wale wajane.

Alichokitaka Mwalimu maishani kilikuwa kidogo. Alitaka karatasi moja yenye jina la baba yake, iseme alikuwa askari na alikufa vitani, aipeleke kanisani isomwe mbele ya watu. Hilo tu. Hakuwa akitafuta fidia wala medali. Alikuwa na msemo wake, kwamba asiyeandikwa ni kama hakuzaliwa, na alipokuwa akitutandika kwa tarehe zetu mbovu nadhani hilo ndilo alilokuwa akipigania.

Alikuwa na vituko, usidhani. Simu ya mkononi alikataa kabisa kuishika. Alisema mtu anayeongea kwa simu njiani ni kichaa aliyelipa. Lakini huyo huyo alikuwa amejifundisha lugha ya milio kutoka kwa kitabu kikuukuu cha maskauti, na akatufundisha sisi. Darasa letu liliweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kugonga dawati. Mkaguzi alikuja siku moja, akasikia tunagongagonga, akadhani tunamdharau. Mwalimu hakumweleza. Katika ibada, mhubiri akirefusha maneno, ungekiona kidole cha Mwalimu kikigonga Biblia yake polepole, na sisi tuliosoma kwake tukauma midomo tusicheke, maana tulijua anagonga neno la kumtaka mtu wa Mungu aketi.

Wema wake sasa. Mume wangu aliponiacha, watu walianza kuja saiba kutoa kopi ya kitambulisho walichotoa kopi juzi, wapate tu kunitazama uso. Mwalimu akaja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni, akakaa siku tatu mfululizo na ile kalamu yake. Kila aliyeingia aliulizwa ana shida gani ya maandishi. Asiyekuwa na shida aligeuka. Hakunipa pole, wala hakumtaja mume wangu. Siku ya nne akachukua kiti chake akaenda, na tangu hapo nikaacha kumchukia.

Hapo ndipo barua zilipoanza. Alikuja kila mwezi, akasimama nyuma yangu na kuniambia maneno, nami nikachapa. Tuliandika kwa ofisi za huku na za ng'ambo, kwa wanaohifadhi vitabu vya majeshi ya zamani na wanaotunza makaburi ya vita. Tuliandika jina la baba yake, mahali alipotoka, na kwamba alikuwa askari wa simu. Majibu yalikuja, ya heshima kabisa, na yote yalikuwa na habari moja. Jina hilo halipo. Alisoma kila jibu mara mbili, akasahihisha makosa ya Kiingereza ya wenye Kiingereza chao, akatia kwenye faili, akaniambia tuandike barua nyingine. Hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Nilimuuliza kama amewahi kukata tamaa. Akasema baba yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kutokata tamaa. Huyo ni yule shemeji aliyemsindikiza mama yake Machakos. Alihamia Kabati, upande wa Kitui, akapata shamba, akaoa, akazaa wana watatu. Yeye ndiye aliyemsomesha Mwalimu. Aliuza ng'ombe wake mwenyewe, huku wanawe wakitembea miguu mitupu. Hakujua kusoma hata herufi moja. Ripoti za shule za Mwalimu alizitia kidole gumba, na Mwalimu alikuwa amezihifadhi zote. Akizungumza juu ya mzee huyo sauti yake ililegea, na mtu angemdhania mwingine. Alisema hakuna siku mzee yule alimwita mwana wa mtoro, na aliyethubutu kumwita hivyo pale Kabati aliona cha mtema kuni. Mara kadhaa tulifika huko kuuliza habari za baba yake, tukarudi mikono mitupu.

Nataka kusema wazi kilichofuata kilifanywa na mimi. Ilikuwa alasiri ya mvua, hakuna wateja, na mimi nikaingia kwenye intaneti, kwenye orodha ya askari waliokufa katika vita hivyo. Siku zote tulitafuta kwa jina la baba yake. Siku hiyo, kwa uvivu tu, niliandika jina la kilima chetu. Yakatoka majina matatu. La tatu lilikuwa la baba mkubwa wa Kabati. Jina lake, mwana wa babu yake Mwalimu, wa Mbooni, wilaya ya Machakos. Amekufa Burma. Hana kaburi, jina limechongwa ukutani.

Nikacheka. Mzee huyo tulimzika Kabati akiwa na mvi, mimi mwenyewe nilipiga chapa ratiba ya mazishi yake. Nikajiambia ni wajina wake, maana majina yetu hurudiwa. Nilikuwa karibu kufunga nilipoona kazi yake jeshini. Askari wa simu. Nikakaa nikiangalia hayo maneno mpaka chai ikapoa. Mtu wa kidole gumba angetumaje maneno kwa herufi asizozijua?

Nilinyamaza wiki mbili. Kisha nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaomba kiti, jambo ambalo hakuwahi kuliomba. Akasema, twende Kabati.

Baba mkubwa alikuwa amekufa zamani, lakini mjane wake alikuwa hai. Mwalimu alimwita mama mkubwa. Tulimkuta nyuma ya jiko akipura ndengu kwa kijiti kidogo, amekaa juu ya gunia, macho yamefifia lakini masikio mazima. Wanawe walikuwa sokoni. Mwalimu alimsalimu kwa heshima zote, akauliza hali ya mifugo, akauliza mvua. Halafu akamsomea karatasi. Yule mama aliendelea kupura ndengu. Kisha akaweka kijiti chini na kusema kwa Kikamba, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba.

Alisema mume wake alimsimulia uzeeni kwamba chifu alileta orodha, kila boma litoe mwanamume mmoja, na jina lililoandikwa la boma lao lilikuwa la mume wake. Mume wake alikuwa amejificha kwenye mawe ya juu kilimani, siku ya tatu bila chakula. Askari wa chifu walipofika walimpiga babu. Mdogo mtu, baba yake Mwalimu, akatoka ndani akasema, huyo mnayemtafuta ni mimi. Akachukuliwa kwa jina la kaka yake, akaandikwa kwa jina hilo. Aliporudi likizo, ndugu wawili na baba yao wakala kiapo kwamba hakuna mwanamke atakayeambiwa. Walifikiri ni miezi michache.

Halafu barua ikaja. Chifu aliileta mwenyewe, mwinjilisti akawasomea. Ilisema kwamba fulani, mwana wa fulani, amekufa vitani. Na huyo fulani, ambaye wageni hao hawakumjua kwa sura, alikuwa ameketi pale pale, mzima, akisikiliza. Wakisema ukweli, serikali itamfunga kwa kukimbia jeshi. Na tena, kwa watu wale wa zamani, mtu hai akishatajwa kwa wafu ni lazima atakaswe upesi, la sivyo atawafuata. Basi babu akachinja mbuzi. Walimtakasa aliye hai. Aliyekufa hakuliliwa na mtu.

Mwalimu akauliza mama yake alikuwa wapi siku hiyo.

"Alikuwepo," yule mama akasema. "Aliambiwa mbuzi ni wa kumuuguza babu yako. Yeye ndiye aliyempika. Na wewe ulipewa kipande cha ini, ukakimaliza, ukalilia kingine. Hiyo ndiyo ilimsumbua mzee wangu mpaka anakufa. Ini ulilolililia."

Nilitaka kutoka pale, nikaogopa kusimama. Mwalimu alisema tu kwamba kule Machakos, karani akifungua vitabu, baba mkubwa alikuwa amesimama kando ya mama yake.

"Alisimama," yule mama akajibu.

Nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hiyo, na tumekuja hapa mara ngapi. Akanigeuzia uso.

"Mlikuja mkiuliza jina la baba yake. Hakuna aliyeniuliza jina la mume wangu."

Kabla hatujaondoka alikubali kutia kidole kwenye kiapo mbele ya wakili, kwamba aliyekufa Burma ni mdogo, si mkubwa. Bila hilo wale wa ng'ambo hawangebadilisha kitu. Aliweka sharti moja. Wanawe hawakujua lolote, na yeye hataweza kuwaambia. Mwalimu ndiye awaambie.

Wana hao nawafahamu. Wawili ni wazee wa kanisa, mmoja ana duka la mbegu. Wanatembea vichwa juu pale Kabati kwa sababu ya baba yao, aliyekuwa mtu wa kusuluhisha ugomvi wa mipaka, aliyesomesha yatima wa ndugu yake kabla ya wanawe. Wakikutana na Mwalimu walimkumbatia na kumtania ati yeye ndiye aliyevaa viatu vyao vyote.

Baada ya wiki tatu alikuja saiba. Nilikuwa nimemaliza kila kitu, barua na kiapo, kizuri, hakina doa, na nilijivuna nacho. Ilibaki kuchapisha tu na kumpelekea mama mkubwa. Mwalimu aliinama akasoma kwenye kompyuta, alama kwa alama. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Akaniambia nifute.

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia, Mwalimu, hapa kuna kila kitu, jina lake litachongwa. Akasema jina likichongwa, mkutano wa kanisa utasoma, na anayesoma atauliza huyu mwingine alikuwa wapi. Atajibiwa alikuwa mawe ya juu. Nikasema basi wajue, kwani si kweli? Nilikasirika, si uongo. Nilimwambia mama yake alilima peke yake kwa sababu ya yule mzee. Nilimwambia na wao wana wa Kabati wauonje huo utoro hata siku moja.

"Mimi nimekuwa mwana wa mtoro miaka themanini," akasema. "Nimeshazoea. Wale watoto hawajazoea."

Aliwaita watoto, na mdogo wao ana miaka sitini na kitu.

Nikamuuliza, na mama yako? Alitafuta mkono wa kiti akaushika. Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta, na mimi sikujua kama niangalie kando au nimwangalie.

"Yule nitamweleza mwenyewe," akasema. "Si mbali."

Nikafuta. Alisimama pale hadi akaona pamebaki peupe. Ndiyo sababu huoni jina la mtu hapa, na hutaliona.

Alizikwa kabla ya mvua za vuli, kando ya mama yake. Wana wa Kabati walikuja wote watatu na ndio walioshusha jeneza. Yule mkubwa akapewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya ukoo. Alilia vizuri, alimpenda kwa kweli. Alisema Mwalimu alitumia maisha yake kumtafuta baba aliyetoroka, na hakuwahi kumtukana baba huyo hata mara moja, na tujifunze kusamehe kama yeye. Kisha akasema wao watatu walibahatika, kwa kuwa Mungu aliwapa baba aliyekaa nyumbani. Watu wakasema amina. Nami nikasema.